Garanti na Makarton ya Lushebere

Mimi kompyuta sijawahi kuitumia mpaka leo. Nimezibeba, nimezifunika wakati wa mvula, nimelala nazo ndani ya gari yetu ya jipu kama muntu anayelinda mayai, lakini kuweka kidole juu yake na kuandika, hapana. Shule nilifika mwaka wa tatu wa primeri. Mwalimu wetu akakimbia vita, siyo ile ninayotaka kusema hapa, ni ingine kabla yake, kwetu ukisema vita lazima useme ni gani. Nikaenda kuchunga ng'ombe za watu milimani juu ya Ngungu. Kisha nikawa mupakiaji wa lori ya fromaji, ile jibini ya kwetu, kisha dereva. Udereva njo ulinilea. Ningeufanya mpaka kufa, lakini macho yamekataa.

Basi mule katikati nilikuwa dereva wa kampuni kubwa ya kompyuta. Jina sitaandika. Makao yake ilikuwa ng'ambo, na sisi tulikuwa ajansi ndogo pale Goma. Mule ofisini kulikuwa kalendari yenye picha ya nyumba yao, nyumba yote ni vioo, hata ukuta, na mimi nilikuwa naitazama nikingoja kutumwa. Nilikuwa nasema moyoni, watu wenye nyumba kama hii hawawezi kuogopa kitu. Kwetu nyumba ya vioo isingepita hata juma moja.

Kumbe walikuwa wanaogopa. Walikuwa wanaogopa muntu mumoja wa Butembo, mwenye duka pale Masisi sentre.

Huyo Papa, kwetu mwanaume mutu muzima tunamuita Papa, alikuwa Mukatoliki kabisa, rozari inaning'inia mbele ya lori yake, na lori yenyewe haikujua barabara mbaya. Aliuzisha chumvi, misumari, sabuni, mabati, vitenge, na kompyuta. Kompyuta zake zilitoka Dubai, zimekwisha kutumiwa na watu wengine, amezipanga kati ya vitunguu na ndoo. Hazikuwa nzuri. Kila muntu alijua hazikuwa nzuri. Lakini ikikufia, uliibeba kichwani, ukafika dukani kwake, ukamutukana. Yeye anakutukana pia. Munatukanana mpaka watu wanakuja kutazama. Kisha anainama chini ya magunia, anatoa ingine, anakupa, na sabuni moja ya matabishi juu, nyongeza ya bure. Unarudi nyumbani unacheka.

Kampuni yetu haikuwa na matabishi. Ilikuwa na garanti. Garanti ni ahadi ya kwamba mashini ikiharibika wanakubadilishia, na ni ahadi ya kweli, sitawasingizia. Lakini ukipiga simu uombe garanti yako, sauti ya mwanamuke inakuambia bonyeza moja, bonyeza mbili, na hapo krediti ya simu inaisha. Huwezi kumutukana yule mwanamuke. Hasikii.

Wa kwanza kutuacha walikuwa wanunuzi wa madini kule Walikale. Niliwapelekea mashini mimi mwenyewe. Ile njia ya Walikale nikianza kuisimulia sitamaliza, mutuka inazama kwenye matope mpaka mulango haufunguki, unatokea dirishani, unalala kwa watu usiowajua, wanakupa sombe na ndizi, asubuhi unasikia risasi upande wa msitu na hakuna anayeinua kichwa. Nilifika. Mwaka uliofuata nikarudi, nikakuta wameziweka za Papa wa Butembo. Nikawauliza sababu. Wakasema, "Huyo anafika hapa. Ninyi muko kwenye simu." Mbele yao nilisema mimi nimefika. Wakasema, "Wewe ni dereva, kaka. Kunywa chai."

Kisha ofisi moja, kisha ingine. Kila jumatatu pale ajansi ilikuwa habari ya kliyanti ameondoka. Wakubwa wa ng'ambo wakashusha bei kidogo, haikusaidia. Wakatuma makofia na matrikoti yenye alama ya kampuni, watu wakayavaa wakaenda nayo kununua kwa Papa wa Butembo.

Kiongozi wetu wa ajansi tulimuita Delege. Muntu wa Bukavu, mupole, viatu safi hata katika matope, sijui alifanyaje. Alikuwa na watoto wa shule na mama muzee nyumbani kwake. Siku moja alinikuta naosha jipu, akasimama, akasema:

"Papa, kliyanti mukubwa aliyebaki ni Mama wa Masisi. Akituacha, ajansi inafungwa. Wameniambia wazi."

"Na sisi?"

"Na sisi."

Mama wa Masisi alikuwa na sekretaria pale sentre, watu wanakuja kuandikisha barua na kufotokopi, na upande wa nyuma alikuwa anafundisha vijana kuandika kwa kompyuta, wengi wao watoto wa madeplase, wale waliokimbia vijiji vyao. Mashini sita, zote za kampuni yetu, alizinunua siku moja. Alikuwa anapanga kuongeza zingine nyingi. Lakini zile sita zilikuwa zimekufa pamoja. Grupe, ile jenereta, iliruka, moto wa umeme ukapita mara moja, kwisha. Alitaka garanti yake. Ndiyo tukapanda, Delege na mimi.

Njiani tulipita mabariere, vile vizuizi vya barabarani, sitayahesabu, kila moja na watu wake na bunduki zake na njaa yake. Kwenye moja Delege alivua kofia ya kampuni akampa askari, akampa na mwenzake ingine, kisha akatoa mpya ndani ya jipu akaivaa. Huko kwa wakubwa wanasema kliyanti ni mufalme, Delege aliniambia, wamebandika ofisini. Nikamuambia kwetu mufalme tunamujua, ni mwami, na hakuna muntu anayemuambia mwami abonyeze moja. Akacheka. Ilikuwa mara yake ya mwisho kucheka safari ile.

Mama alitupokea vizuri. Viti, chai, mukate. Kisha akafungua mulango wa nyuma akatuonyesha mashini zake zimefunikwa vitenge kama wagonjwa. Vijana walikuwa wameketi mbele yazo hivyo hivyo, vidole juu, wanajifunza kuandika kwenye mashini isiyowaka.

"Nimewaambia vidole visisahau," Mama akasema. "Haya, Papa Delege. Umekuja nazo?"

"Mama, ndiyo nimekuja tupange. Zitabadilishwa zote sita. Masharti ni moja tu. Zirudi kama zilivyokuja, pamoja, ndani ya makarton yake. Namba ya mashini iko kwenye karton, na namba ya karton iko kwa wakubwa. Makarton iko wapi?"

"Karton gani?"

"Zile zilizokuja nazo."

Mama akanitazama mimi, akamutazama yeye, akaanza kucheka, akashika meza.

"Ulipita njia gani kuja hapa? Ulipita Lushebere?"

"Nilipita."

"Basi uliyapita. Yalikuwa yanakutazama."

Lazima nieleze, kwa yule asiyejua baridi ya kwetu. Masisi ni juu. Mvula ikianza haiombi ruhusa. Kule Lushebere kambini, watu walikuwa wamejenga vinyumba vya majani ya ndizi na fimbo, na shitingi ya plastiki juu kwa mwenye bahati. Karton ngumu ya kompyuta ilikuwa ukuta. Ilikuwa kitanda. Wakati wale wa milima walipofika kwa wingi, wamekimbia na nguo ya mwilini tu, Mama alibeba makarton yake sita pamoja na maharagi akaenda kugawa. Nani angeweka karton tupu ndani ya stoo, inakaa inangoja siku mashini itakufa, na watoto wa watu wanalala juu ya udongo? Mule kwenye vile vioo hawakufikiri karton inaweza kuwa na kazi.

Delege akasimama. Akasema, "Tutaenda kuyaomba."

Papa wa Butembo alikuwa amesimama mulangoni, alikuja kuandikisha barua ya lori yake akasikia mambo yote. Akasema, "Ndugu yangu, mimi kila kitu nauzisha, hata karton. Lakini niliyouzisha sijawahi kuikimbilia nyuma."

"Wewe nyamaza," Mama akamuambia. "Zako zilikufa bila hata umeme kuruka."

"Zilikufa, lakini nilizika mimi mwenyewe, nikaleta ingine!"

Watu wakacheka. Delege akatoka, nikamufuata.

Hatukwenda mikono mitupu. Tulikuwa na yale matrikoti, na Delege alinunua shitingi mpya kwa mufuko wake, akatoa na ile ya kufunikia jipu. Chifu wa kambi akatuzungusha. Ilikuwa kazi ya haya. Unaingia kwa muntu unainama, unamusalimia, unaulizia ukuta wake.

Muzee mumoja alikuwa ameifanya mulango. Akatazama ile alama ya kampuni juu ya karton, akatazama alama juu ya kofia ya Delege.

"Kumbe njo ninyi," akasema. "Nilikuwa najiuliza mwenye mulango wangu ni nani. Kampuni yenu imeanguka mpaka inaokota makaratasi?"

"Hapana, Papa. Tunatafuta tu kusaidia yule Mama aliyewapa."

"Ukimusaidia yeye, mimi nabaki na mulango gani?"

Delege akamupa shitingi. Muzee akaishika, akainusa, akasema hii inapiga kelele ya upepo, karton hainyamazi pia lakini haipigi kelele hivi. Akatupatia mulango wake. Ingine tulikuta kuku imelalia mayai ndani, tukangoja wahamishe kuku kwa adabu, na kuku hakupenda. Ingine ilikuwa chini ya mama aliyejifungua, na Delege hakutaka kuichukua, mama mwenyewe alisema chukua, Mama wa sekretaria ndiye aliandikisha jina la mutoto wangu. Moja ilikuwa imekatwa vipande viwili, namba ilionekana. Ingine ilitolewa bila taabu, tukapata tano.

Ya sita chifu wa kambi alitupeleka kwa kijana mwanamuke, mumewe alibaki kule walikotoka, hatukuuliza alibaki namna gani. Alikuwa anapalilia maharagi nyuma ya kinyumba chake. Alipoona jipu, na kofia, na makarton matano juu ya mikono yetu, aliacha jembe, akakimbia. Alikimbia kuelekea mulima kama vile tumekuja na bunduki.

Nikashangaa. Chifu wa kambi naye akashangaa. Jirani mumoja akasogea, mwanamuke mutu muzima, akasema polepole:

"Ile yake musitafute. Mutoto wake alikufa wakati ule wa kuhara. Mbao hakukuwa. Alizikwa ndani yake."

Delege alikuwa bado anashika tano zile. Hakuziweka chini. Jirani akaendelea:

"Tangu asubuhi watu wanasema wenye makarton wamerudi, wanakusanya. Anajua mumekuja na namba. Anafikiri mutafukua."

Nilimuambia Delege, "Tuende," tukaenda.

Rezo, ule mutandao wa simu, pale Masisi wakati ule ulikuwa unaitafuta kwenye kilima kimoja, muko wengi pale juu, kila muntu na mukono hewani, mumoja anauliza bei ya mihogo, mwingine anauliza kama kaka yake bado ni muzima. Delege akapiga wakubwa. Alisema kifaransa, kisha lugha ingine. Mimi niliketi juu ya jiwe. Alisema muda mrefu, sauti chini. Alipomaliza, akaja akaketi pembeni yangu na vile viatu vyake.

"Wanasema tano hazitoshi. Zilinunuliwa pamoja, zinarudi pamoja."

"Umewaambia ile moja iko wapi?"

"Nimewaambia."

"Wamesema nini?"

"Wamesema pole. Kisha wamesema, kama haiwezi kusafiri, ipigwe picha. Hata ikiwa imeharibika. Mradi namba ionekane."

Kutoka kilima kile Lushebere unaiona, zile shitingi nyeupe. Tulikuwa tunaitazama wote wawili. Nikauliza, maana mimi ni muntu wa kuuliza kitu hata nikijua, "Picha ya nini?"

Akazima simu, akaanza kushuka kilima.

Tulirudi kwa Mama. Papa wa Butembo alikuwa angali pale, na barua yake ilikuwa imekwisha, alibaki kwa sababu ya kutaka kujua. Delege alisema yote, hakuficha. Mama hakuwa anajua habari ya mutoto yule. Alikuwa amesimama, akaketi.

"Nilimupa mimi," akasema. "Nilimuambia weka mutoto juu yake, asilale kwenye baridi."

Kule nyuma vijana walikuwa wanagonga vidole juu ya mashini zile zilizokufa.

Papa wa Butembo akakohoa. "Sikiliza, ndugu. Sisemi kwa ubaya. Mimi niko na karton ya aina yenu kule stoo, tupu. Namba unaandika na biki. Nani atajua?"

Delege akainua kichwa. Nilimuona anafikiri. Sitamuhukumu, alikuwa na watoto wa shule, na mimi pia nilikuwa nimekwisha kuona biki mukononi mwake na nilifurahi. Kama ingekuwa mimi ningeandika. Alimutazama Mama kama anaomba.

"Hapana," Mama akasema. "Garanti yangu ni haki yangu. Haki yangu siendi kuiiba."

"Mama, ajansi itafungwa."

"Najua, Papa. Na wewe sikukasirikii. Ulikuja, uliinama kwenye nyumba za watu, ulinunua shitingi na mufuko wako. Lakini wewe si njo kampuni. Kampuni ni wale wanaotaka picha. Nitabaki namna gani na muuzishaji nisiyeweza kumufikia hata nimutukane?" Akageuka kwa yule wa Butembo. "Wewe, muongo mukubwa, utaniletea mashini, na zikikufa nitakuja kukutukana mbele ya makliyanti yako wa duka."

"Karibu, Mama," akasema. Hakucheka. Kwa kweli alikuwa na haya.

Mama akaelekeza kidole kwenye makarton matano yaliyokuwa mulangoni. "Na hayo rudisheni. Leo, mvula ingali haijaanza."

Niseme hapa, nisije nikasahau mbele: ajansi ilifungwa kabla ya mavuno ya mahindi. Ile kalendari nilipewa mimi, watoto wakaichana. Delege alirudi Bukavu, nilisikia aliuzisha simu, kisha sikusikia tena. Mimi nilikwenda kuendesha lori ya Papa wa Butembo, ananitukana kila asubuhi, ni muntu mwema. Ile kampuni kubwa, nadhani ingali kubwa. Mukubwa haanguki kwa Masisi peke yake.

Lakini siku ile tulirudi Lushebere, na mvula ilitukuta pale pale, kubwa, ya mawe. Tukapitisha makarton chini ya makoti. Kuku akarudishiwa yake. Mama aliyejifungua akarudishiwa. Muzee wa mulango alichukua mulango, na shitingi hakuirudisha, wala hatukumuomba.

Nilifikiri tumemaliza. Nikawasha jipu. Delege hakupanda. Alimuendea chifu wa kambi, akamuambia anataka kusema na yule mwanamuke wa maharagi. Chifu akasema hatakuja, anaogopa. Kisha yule jirani akasema, na hii ni desturi ya kwetu, hakuivumbua yeye: muntu akikudai, halafu akakuachia, hakuambii sikioni. Anasema mbele ya watu, na munakunywa pamoja, ndipo deni linakufa. Ukisemewa sikioni, kesho mutoto wake atakuja kukudai tena.

"Basi waite watu," Delege akasema.

Wakaja, siyo wote, wale wa karibu, wamejifunika shitingi na masufuria vichwani. Mwanamuke aliletwa na jirani, amemushika mukono. Alikuwa mudogo kuliko nilivyofikiri. Alisimama mbali, anatazama kofia. Delege akaivua, akaiweka mufukoni, kisha akafikiri, akaitoa akaivaa tena, ili waone ni nani anayesema.

"Mimi niko wa kampuni," akasema. "Karton tuliyotafuta kwa huyu Mama, kampuni haiidai. Haiidai leo, haitaidai. Akija muntu ingine na jipu, na kofia kama hii, mumuambie maneno yaliisha hapa."

Hakuna aliyemupa ruhusa ya kusema vile. Nilijua, na alijua. Wale wa vioo wangesikia, wangeshangaa.

"Rudia," yule muzee wa mulango akaita, "wa nyuma hawasikii, mvula inapiga kelele!"

Akarudia, sasa kwa sauti kubwa, sauti sikujua anayo.

Mwanamuke akauliza kitu kwa jirani. Jirani akasema, "Anauliza, na namba?"

"Na namba," Delege akasema. "Namba pia ni yake."

Kasiksi, pombe ya ndizi aliyoleta jirani, ilikuwa kidogo, ndani ya kikombe cha plastiki, na mvula imeingia ndani yake. Mwanamuke akanywa kwanza, akampa Delege kwa mikono miwili. Delege akanywa, akanipa, nikamaliza. Ilikuwa kali, haijaiva. Kisha mwanamuke akafunga kitenge vizuri, akapita katikati yetu, akaenda kutafuta jembe lake mahali alipoliangusha.